Sura ya Tano: Kitendanishi Kinachotoweka kwenye Mlinganyo

Kasi ya mmenyuko wa kikemikali, yaani kiasi cha dutu kinachogeuka kuwa dutu nyingine katika kila sekunde, saa au siku, hutegemea ukolezi wa vitu vinavyokutana, kwa sababu chembe haziwezi kubadilishana chochote kabla hazijagusana, na kadiri zinavyosongamana ndivyo zinavyogusana mara nyingi zaidi. Vitu hivyo vinavyoingia kwenye mmenyuko huitwa vitendanishi. Vikiwa viwili, A na B, na kasi ikawa inapanda maradufu pale ukolezi wa kimojawapo unapoongezwa maradufu, wanakemia huandika v = k[A][B], ambapo v ni kasi, mabano ya mraba ni ukolezi, na k ni konstanti ya kasi, namba isiyobadilika maadamu jotoridi halibadiliki. Mmenyuko wa namna hiyo husemwa kuwa wa daraja la kwanza kwa A, wa daraja la kwanza kwa B, na wa daraja la pili kwa jumla. Hata hivyo, mimenyuko mingi ambayo kwa maumbile yake inahitaji vitendanishi viwili au vitatu huonekana, inapopimwa, kana kwamba inategemea kimoja tu. Hali hiyo huitwa daraja la kwanza bandia, na ukanda wa dhahabu unaoanzia Shinyanga hadi Geita ni mahali pazuri pa kuielewa, kwa kuwa kila siku huko maelfu ya tani za mwamba uliosagwa hupitishwa katika mmenyuko wa aina hiyo.

Si madini yote ya ukanda huo yanayohitaji kemia. Katika Wilaya ya Kishapu, ambayo makao yake makuu ni Mhunze, umo mgodi wa almasi wa Mwadui uliotokana na ugunduzi wa mjiolojia Mkanada John Williamson mwaka 1940, na almasi za hapo hutengwa na mwamba kwa njia za kifizikia: mwamba huvunjwa, kisha uzito na sifa nyingine za vito hutumika kuvitoa. Almasi huingia kwenye mtambo ikiwa almasi na kutoka ikiwa almasi. Dhahabu ya Geita, Bulyanhulu na machimbo madogo kama Nyarugusu, Lwamgasa na Mwakitolyo ni jambo jingine, kwa maana sehemu kubwa yake imetawanyika katika mwamba kwa chembe ndogo mno zisizoweza kuokotwa wala kuoshwa, kiasi kwamba tani nzima ya mawe yenye gramu tatu tu za dhahabu huhesabiwa kuwa mali. Kitu kidogo namna hiyo ndani ya kitu kikubwa namna hiyo hakitolewi ila kwa kuyeyushwa.

Kiyeyushi kinachotumika ni sayanaidi, kwa kawaida sodiamu sayanaidi iliyochanganywa na maji. Njia hiyo ilipewa hataza mwaka 1887 kwa kazi ya John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest katika jiji la Glasgow, Uskochi, lakini kemia yake ilikuwa imeanza kufahamika mapema zaidi, kwani mwaka 1846 Elsner alikwisha kuonyesha kwamba sayanaidi haiyeyushi dhahabu bila msaada wa oksijeni. Mlinganyo unaobeba jina lake husema hivi: atomi nne za dhahabu hukutana na molekuli nane za sodiamu sayanaidi, molekuli moja ya oksijeni na molekuli mbili za maji, na matokeo yake ni changamano la dhahabu na sayanaidi lililoyeyuka ndani ya maji pamoja na sodiamu haidroksaidi. Vitendanishi, basi, ni vinne: dhahabu, sayanaidi, oksijeni na maji. Anayesoma mlinganyo huo bila kuuona mtambo angetarajia hesabu ya kasi yenye ukolezi wa vitu vyote vinne, ngumu kuitatua na ngumu zaidi kuipima.

Ugumu huo hupungua mara tu kiasi halisi kinapohesabiwa. Ichukuliwe tani moja ya mwamba wenye gramu 3 za dhahabu, iliyosagwa hadi kuwa unga na kuchanganywa na lita 1,000 za maji zenye nusu gramu ya sodiamu sayanaidi kwa kila lita. Gramu 3 za dhahabu ni takribani moli 0.015, moli ikiwa ni kipimo cha kuhesabia chembe, na kwa mujibu wa mlinganyo zinahitaji moli 0.03 za sayanaidi, yaani gramu moja na nusu tu. Ndani ya tangi zimo gramu 500, sawa na moli 10. Sayanaidi iliyopo ni zaidi ya mara 300 ya ile ambayo dhahabu inaihitaji. Oksijeni nayo, ingawa maji ya mahali penye mwinuko wa Geita hubeba takribani miligramu 7 tu kwa lita, bado ni zaidi ya mara 50 ya mahitaji ya dhahabu yenyewe, na hewa inayopulizwa kutoka chini ya tangi huirudishia kila inapopungua. Maji hayahitaji hata kuhesabiwa. Dhahabu yote inapokuwa imeyeyuka, ukolezi wa sayanaidi utakuwa umeshuka, kwa ajili ya dhahabu pekee, kwa chini ya theluthi moja ya asilimia moja. Ni sawa na mtu aliyechota ndoo Ziwa Victoria, ambaye kwa hakika amepunguza maji ya ziwa, lakini hakuna rula itakayolionyesha pengo hilo.

Hapo ndipo daraja la kwanza bandia linapozaliwa. Ikiwa kasi ni k[A][B], na B imejaa kiasi kwamba ukolezi wake haubadiliki kwa kipimo chochote cha maana tangu mwanzo wa mmenyuko hadi mwisho, basi k[B] inaweza kufungwa pamoja kuwa namba moja, k′, na mlinganyo ukabaki v = k′[A]. Daraja hilo huitwa bandia kwa sababu halielezi jinsi chembe zinavyokutana, ila linaeleza mazingira ambamo zimekutanishwa. Kitendanishi B hakijaacha kufanya kazi, na kila atomi ya dhahabu inayoondoka bado inaondoka na sayanaidi mbili. Kilichotokea ni kwamba kimeingia ndani ya konstanti na kujificha humo, na sura hii yote inahusu nini hufuata pale mtu anapokumbuka au kusahau kwamba kimo humo.

Mmenyuko wa kwanza kabisa ambao kasi yake iliwahi kupimwa kwa makini ulikuwa wa aina hii hii. Mwaka 1850 Mjerumani Ludwig Wilhelmy aliyeyusha sukari ya miwa katika maji yenye asidi na kufuatilia jinsi inavyogawanyika kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, akitumia chombo kinachopima namna mmumunyo wa sukari unavyouzungusha mwanga. Maji ni kitendanishi katika mgawanyiko huo, kwa kuwa kila molekuli ya sukari humeza molekuli moja ya maji. Lakini lita moja ya maji ina karibu moli 55, na sukari ikiwa sehemu ya kumi ya moli, maji yanayotumika hayafiki hata moja ya mia tano ya yaliyopo. Asidi kwa upande wake ni kichocheo, hivyo haipungui wala kuisha. Wilhelmy aliona kasi ikifuata sukari peke yake na akaandika mlinganyo wake kwa njia hiyo. Viwanda vya sukari bado huishi na mmenyuko huo, na ndiyo maana maji ya miwa yaliyokamuliwa hutiwa chokaa mapema, ili asidi yake ya asili ipungue na sukari isipotee kabla ya kuganda. Chokaa hiyo hiyo, kama itakavyoonekana, humwagwa pia katika matangi ya dhahabu, kwa sababu tofauti lakini nzito zaidi.

Sifa inayoufanya mlinganyo v = k′[A] upendwe na wahandisi ni kwamba kitu kinachoufuata hupungua kwa sehemu ile ile katika muda ule ule, bila kujali kilianza na kiasi gani. Muda ambao nusu ya kitu huwa imekwisha huitwa nusu-uhai, nao hupatikana kwa kugawa 0.693 kwa k′. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba nusu-uhai wa dhahabu katika tangi fulani ni saa 4, ambayo ni k′ ya takribani 0.17 kwa saa, gramu 3 zitakuwa gramu 1.5 baada ya saa 4, gramu 0.75 baada ya saa 8, na zitakuwa chini ya gramu 0.4 baada ya saa 12. Saa 24 zinapotimia zimepita nusu-uhai sita, na kilichobaki kwenye mwamba ni karibu gramu 0.05. Siku ya pili yote, yenye gharama ile ile ya umeme wa kukoroga na ya nafasi ya tangi, haiwezi kuleta zaidi ya hizo gramu 0.05. Uamuzi wa lini tope litoke tangini, ambao kwa mtu wa nje huonekana kuwa wa mazoea, umejengwa juu ya hesabu hii, na bila hesabu hii mtu ama huacha mali mwambani au hulipia umeme usiomrudishia chochote.

Kwa kawaida vipimo huchorwa kwa logarithimu. Logarithimu asilia ya kiasi kilichobaki ikichorwa dhidi ya muda, mmenyuko wa daraja la kwanza hutoa mstari ulionyooka, na mteremko wa mstari huo ni −k′. Katika dhahabu, hata hivyo, mstari huo mara nyingi hupinda kuelekea mwishoni, na msomaji asiye mwangalifu husema kwamba mmenyuko umechoka. Sababu ya kawaida ni kwamba si dhahabu yote iliyo katika mwamba inaweza kufikiwa: sehemu yake imefungiwa ndani ya chembe za salfaidi au za mwamba mgumu ambazo kinu hakikuzivunja, na sayanaidi haipati mlango wa kuingilia. Ikiwa gramu 0.4 kati ya 3 ni za namna hiyo, zinapaswa kutolewa kwenye hesabu kabla ya kuchora mstari, kwa sababu mlinganyo unaihusu dhahabu inayoweza kuyeyuka, wala si dhahabu yote iliyoandikwa kwenye cheti cha maabara. Inafaa pia kusemwa wazi kwamba kuyeyuka kwa chembe ngumu ndani ya maji hutokea juu ya uso wake, uso ambao hupungua kadiri chembe inavyoliwa, tena chembe hazilingani ukubwa. Kwa hiyo daraja la kwanza katika uchenjuaji, yaani kutenga dhahabu na mwamba wake, ni ukadiriaji unaotumika kwa sababu unafanya kazi vizuri, na anayeutumia anapaswa kuukagua kwa vipimo vya mwamba wake mwenyewe.

Swali lenye uzito mkubwa zaidi kwa wachenjuaji wadogo ni hili: ikiwa k′ imebeba sayanaidi ndani yake, je, kuongeza sayanaidi kutaharakisha kazi? Jibu hupatikana kwa njia ambayo wanakemia huiita ya kutenga, yaani kujaza vitendanishi vyote isipokuwa kimoja, kupima k′, kisha kubadili ukolezi wa kile kilichojazwa na kupima tena. Katika maabara za migodi hufanywa kwa chupa zinazozungushwa juu ya roli, kila moja ikiwa na unga ule ule wa mwamba lakini sayanaidi ya kiwango tofauti. Iwapo k′ inapanda maradufu sayanaidi inapoongezwa maradufu, basi mmenyuko ni wa daraja la kwanza kwa sayanaidi pia. Iwapo k′ haisogei, sayanaidi haishiki tena usukani, na kitu kingine ndicho kinachoamua kasi.

Kitu hicho kingine huwa ni oksijeni. Tafiti za karne ya 20 zilionyesha kwamba juu ya uso wa dhahabu, kasi hutegemea sayanaidi maadamu sayanaidi ni chache, lakini uwiano wa sayanaidi kwa oksijeni ndani ya maji, kwa moli, unapopita takribani 6 kwa 1, kasi huanza kutegemea oksijeni peke yake. Kwa maji yenye miligramu 7 za oksijeni kwa lita, mpaka huo hufikiwa pale sodiamu sayanaidi inapokuwa karibu miligramu 65 kwa lita, ambayo ni ndogo sana kuliko viwango vinavyomwagwa kwenye matangi mengi. Ni kweli kwamba katika tope halisi kiwango huwekwa juu zaidi, kwa kuwa madini mengine nayo hula sayanaidi na sehemu yake hupotea. Hata hivyo mfuko wa ziada unaotiwa katika tangi ambalo tayari lina sayanaidi ya kutosha hauongezi kasi hata kidogo. Kinachoongeza kasi hapo ni hewa. Kanuni hii inastahili kufundishwa katika kila tangi la ukanda huo, kwa sababu hewa haigharimu kama sayanaidi, wala haiui.

Hapo chokaa inarudi. Sayanaidi ikiwa katika maji yasiyo na ubesi wa kutosha hugeuka kuwa gesi ya haidrojeni sayanaidi, ambayo ni sumu kali: kwenye pH ya karibu 9.2, pH ikiwa kipimo cha uasidi na ubesi, nusu nzima ya sayanaidi huwa katika hali hiyo, na hali hiyo ndiyo inayoruka hewani. Kwa sababu hiyo matangi hutiwa chokaa mpaka pH ipande juu ya 10. Kwa upande wa hesabu, chokaa ndiyo inayolinda wingi unaoiweka k′ mahali pake. Kwa upande wa watu, ndiyo inayolinda mapafu ya wanaosimama juu ya tangi, na hili la pili lingetosha hata kama la kwanza lisingekuwepo.

Wingi huo unaweza pia kuliwa kimyakimya. Shaba ni mfano ulio karibu sana na wasomaji wa Tanzania, kwa kuwa mwamba wa Bulyanhulu na wa Buzwagi una shaba pamoja na dhahabu, na ndiyo sababu migodi hiyo ilikuwa ikizalisha makinikia, yaani mchanga uliokolezwa madini, ambayo usafirishaji wake nje ya nchi ulipigwa marufuku na serikali mwaka 2017. Aina nyingi za madini ya shaba huyeyuka upesi katika sayanaidi, na atomi moja ya shaba inaweza kuondoka na sayanaidi tatu au hata nne. Mwamba wenye gramu 3 za dhahabu na kilo moja ya shaba inayoyeyuka, ambayo ni karibu moli 16, ungehitaji moli 48 za sayanaidi kwa ajili ya shaba tu, wakati tangi la mfano uliotangulia lina moli 10. Katika tangi hilo sayanaidi si nyingi tena. Inashuka saa kwa saa, k′ inashuka nayo, mstari wa logarithimu unapinda mapema, na hakuna namba moja inayoweza kuitwa konstanti. Salfaidi za chuma hufanya jambo linalofanana kwa oksijeni, zikiila kabla haijaifikia dhahabu. Anayetumia mlinganyo wa daraja la kwanza bandia bila kupima sayanaidi na oksijeni zilizobaki amechukua hitimisho na kuliacha sharti lake.

Wachenjuaji wa marudio hukutana na hali ngumu kuliko hiyo. Marudio ni mchanga uliokwisha kupita kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, na mialo, yaani njia za mteremko za kuoshea mchanga, ambapo zebaki hutumika kukamata dhahabu na mara nyingi huacha zaidi ya nusu yake. Mchanga huo hukusanywa na kuloweshwa kwa sayanaidi katika matangi, ambamo maji huchuruzika taratibu kwa siku nyingi, kisha dhahabu iliyoyeyuka hunaswa kwa kaboni. Hakuna kinachokoroga, hewa hupenya kwa shida, na mmumunyo ule ule hurudishwa juu ya tangi mara kwa mara huku ukibeba shaba na chuma zaidi katika kila mzunguko. Zebaki iliyobaki ndani ya mchanga nayo huyeyuka katika sayanaidi na kusafiri mbali kuliko ambavyo ingesafiri peke yake, na ndiyo maana Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unakitaja kitendo cha kutia sayanaidi kwenye marudio ambayo zebaki yake haijaondolewa kuwa miongoni mwa vitendo vinavyopaswa kukomeshwa. Kituo cha mfano cha STAMICO, shirika la madini la taifa, kilichojengwa Lwamgasa mkoani Geita, kikiwa na mtambo wa kusaga, kukoroga na kunasa dhahabu kwa kaboni, kina faida hii pia: ndani ya tangi linalokorogwa na kupulizwa hewa, masharti ya mlinganyo yanaweza kutimizwa na kukaguliwa, na mchimbaji mdogo anaweza kujua ni saa ngapi zinatosha kwa mwamba wake.

Ukanda huo huo una mmenyuko mwingine wa aina hii, unaogusa watu wengi kuliko dhahabu. Maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa Ihelele, wilayani Misungwi, na kusukumwa hadi Kahama na Shinyanga, hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Mwaka 1908 Harriette Chick, akiwa katika Taasisi ya Lister jijini London, alionyesha kwamba dawa ya kuulia vijidudu ikiwa nyingi, idadi ya bakteria walio hai hupungua kwa sehemu ile ile katika muda ule ule, sawasawa na sukari ya Wilhelmy, na mwaka huo huo H. E. Watson akaonyesha jinsi konstanti hiyo inavyobadilika pamoja na ukolezi wa dawa. Mbele ya bakteria, klorini ni nyingi mno na hutoweka kwenye mlinganyo. Lakini klorini hiyo hiyo, inapoanza safari ndefu ndani ya bomba, hukutana na mabaki ya mimea na utando wa kuta za bomba ambavyo ni vingi kuliko yenyewe, na sasa ndiyo inayopungua kwa daraja la kwanza bandia, nusu-uhai baada ya nusu-uhai, huku vinavyoila vikiwa vimejificha ndani ya k′. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtumiaji, na kwa hiyo wahandisi wa mtandao mrefu hulazimika kukokotoa saa ambazo maji yatakaa njiani, kupima k′ ya maji hayo hayo katika msimu wa mvua na wa kiangazi, na kuongeza klorini katikati ya safari pale hesabu inapoonyesha kwamba kiasi kilichotiwa mwanzoni hakitafika.